Funga Nyumba au Washa Moto, Usifanye Vyote Viwili

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati watu wa pwani wanafurahia upepo wa kipupwe, Tukuyu huwa mji wa ukungu na manyunyu. Mji upo kusini mwa Mlima Rungwe, mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, na wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Chai ya Katumba na migomba inayoizunguka hustawi kwa unyevu uleule unaozifanya nguo zikae kambani siku kadhaa bila kukauka. Ukipanda kuelekea Isongole kwenye mashamba ya viazi, baridi inazidi. Ndiyo maana jioni za majira haya jiko la mkaa hupewa kazi ya pili. Ndizi zikishaiva, makaa yaliyobaki hayamwagwi. Yanabebwa hadi chumbani, mlango unafungwa, na pengine kitambaa kinasukumizwa chini ya mlango ili joto lisitoroke. Penye jiko la mafuta ya taa, au hita ya mafuta ya taa kwa wachache walio nayo, mambo ni hayohayo. Na katika mikoa yetu ya baridi si habari ngeni kusikia kwamba watu wamelala na jiko ndani na hawakuamka.

Hoja ya makala hii ni moja: moto na chumba kilichofungwa havikai pamoja. Anayetaka joto ana njia mbili halali. Anaweza kuwasha moto na kuacha hewa ipite, akiwa macho. Au anaweza kufunga nyumba vizuri na kulala bila moto wowote ndani. Kufunga na kuwasha kwa pamoja ndiko kunakoua, iwe ni mkaa, kuni, mafuta ya taa au gesi. Ukilielewa hilo, maswali mengi kuhusu aina ya jiko, ukubwa wa hita au ubora wa mkaa hupungua uzito, kwa sababu tatizo haliko kwenye chombo peke yake. Liko kwenye uhusiano wa chombo na chumba.

Tuanze na mkaa, kwa sababu ndio unaoaminiwa kupita kiasi. Watu wengi wanaogopa moshi, na wanadhani makaa yakishashika na moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Angalia jiko lililoongezwa mkaa mpya juu ya makaa mekundu: juu yake huchezacheza ndimi ndogo za buluu. Ndimi zile ni gesi ya kaboni monoksaidi ikiungua. Hewa inayoingia chini ya jiko hukutana na kaboni iliyomo kwenye mkaa na kuwa kaboni dayoksaidi. Inapopanda katikati ya makaa yenye joto kali, inanyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Ikifika juu ikakuta joto na hewa ya kutosha, inawaka na kwisha. Makaa yakianza kupoa, ndimi za buluu zinazimika, lakini gesi haiachi kutoka. Inatoka bila kuungua. Kwa hiyo jiko lililotulia, lisilo na moshi wala ulimi wa moto, ambalo mtu analiona sasa linafaa kuingia chumbani, linaweza kuwa ndilo linalomwaga sumu. Kuyafukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi kunaongeza hatari, kwa sababu makaa yanayopata hewa kidogo huungua nusunusu kwa saa nyingi. Chumba nacho kikiwa kimefungwa, oksijeni inapungua, moto unazidi kukosa hewa, na kadiri unavyoikosa ndivyo unavyozalisha sumu zaidi.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, alionyesha katika miaka ya 1850 namna inavyoua: inashikamana na chembe nyekundu za damu mahali palepale ambapo oksijeni ingekaa. Mshikamano wake na damu ni zaidi ya mara 200 ya ule wa oksijeni. Ni kama abiria aliyewahi kiti na kukataa kushuka. Oksijeni inabaki stendi, na mwili unakosa pumzi ingawa kifua bado kinapanda na kushuka. Haihitaji kuwa nyingi. Sehemu 200 za gesi hiyo katika sehemu milioni za hewa humwumiza mtu kichwa ndani ya saa 2 hadi 3. Zikifika 800, kizunguzungu na kichefuchefu huja ndani ya dakika 45 hivi, na baada ya saa 2 mtu anaweza kupoteza fahamu. Zikifika 1,600, saa 1 hadi 2 zinatosha kuua. Aliye macho huenda akahisi kichwa kinamgonga akatoka nje. Aliyelala hana nafasi hiyo, kwa kuwa ubongo uliopaswa kumwamsha ndio unaokosa oksijeni.

Hapo hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: mbona babu na bibi zetu walilala na moto ndani miaka yote? Walilala, ni kweli, lakini hawakulala katika nyumba hizi. Nyumba ya zamani ya Unyakyusa ilijengwa kwa mianzi na kuezekwa nyasi. Moshi ulipenya kwenye paa, na hewa mbichi iliingia kwenye nyufa za kuta na mlangoni. Nyumba ya sasa ya Tukuyu ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta ndani na nje, ina dari ya gipsamu chini ya bati, na madirisha ya vioo katika fremu za aluminiamu zinazobana. Ni maendeleo mazuri. Yamezuia mvua, mbu na wezi. Lakini yamezuia pia ile hewa iliyokuwa ikiwakinga wazee bila wao kuihesabu. Tumebadilisha nyumba na hatujabadilisha desturi ya moto. Zaidi ya hayo, wazee hawakusalimika bure. Moshi uliwalipisha kwa macho na vifua, na hata leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka mmoja wa 2020. Wala bomba la moshi peke yake si dawa kama halitunzwi: mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa chumbani mwake Paris mwaka 1902 kwa gesi hiihii, baada ya bomba la meko yake kuziba.

Pingamizi la pili linasema: basi tuachane na mkaa, tutumie mafuta ya taa, kwa kuwa hita ya mafuta ina tambi nzuri, moto wa buluu na haina majivu. Hita iliyo safi, yenye tambi iliyokatwa sawasawa na mafuta yasiyochanganywa, kweli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko jiko la mkaa. Lakini haina bomba la kutoa hewa nje. Kila inachokichoma kinabaki humohumo chumbani, na oksijeni inayoitumia ni ileile inayovutwa na waliolala. Japani, ambako hita za mafuta ya taa zimeenea majumbani na hutengenezwa kwa viwango vikali, watumiaji bado huelekezwa kufungua dirisha mara moja au mbili kila saa, na kuizima kabla ya kulala. Kama nchi yenye vyombo bora inasisitiza hivyo, sisi wenye majiko ya tambi yaliyotengenezwa kwa ajili ya sufuria, siyo kwa ajili ya chumba, hatuna sababu ya kulegeza. Kuna jambo jingine ambalo Tukuyu lina uzito wa pekee: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Katika mji ambao kuta tayari zina unyevu na magodoro yananuka ukungu, hita hiyo inapasha hewa na papo hapo inailowesha. Asubuhi maji yanatiririka kwenye vioo, na kuvu inapata malisho.

Anayeitumia hita au jiko la mafuta hata hivyo, azingatie mambo yanayotokana na tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kuweza kuwaka mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha. Ndiyo maana petroli kidogo tu iliyobaki kwenye dumu inaweza kukigeuza chombo salama kuwa bomu. Watanzania tunalijua neno uchakachuaji tangu siku ambazo mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu ya bei, mpaka Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya mwaka 2011/12. Funzo la wakati ule bado lina kazi nyumbani: nunua mahali panapoaminika, tumia dumu ambalo halijawahi kubeba petroli, na usiyaweke kwenye chupa ya maji au soda, kwa sababu mtoto atayanywa. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwani yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni na kuyaunguza. Apelekwe hospitali mara moja. Mafuta yaongezwe hita ikiwa imezimwa na kupoa, nje ya chumba. Iwekwe juu ya sakafu iliyo sawa, mita moja au zaidi kutoka kwenye pazia, godoro na hasa chandarua, ambacho hushika moto haraka na kumdondokea aliye ndani yake. Moto ukigeuka wa njano wenye masizi, hita inakosa hewa au tambi imechakaa, izimwe, isivumiliwe.

Pingamizi la tatu ni la kila siku: nikifungua dirisha, joto lote linaondoka, sasa nimewasha moto wa nini? Jibu liko katika namna makaa yanavyopasha. Sehemu kubwa ya joto unalolihisi ukikaa karibu na jiko haiji kwa njia ya hewa. Inatoka kwenye makaa mekundu moja kwa moja hadi kwenye viganja, magoti na uso, kama joto la jua linavyokufikia asubuhi hata hewa ikiwa bado ya baridi. Ndiyo sababu watu wanaoota moto uani, pasipo ukuta wowote, hupata joto. Kwa hiyo familia inaweza kuota moto sebuleni au jikoni, dirisha la upande mmoja likiwa wazi na mlango wa upande wa pili ukiwa wazi, ikazungumza na kula, kisha jiko likatolewa nje kabisa kabla ya mtu wa kwanza kusinzia. Litolewe nje ya nyumba, siyo kwenye korido au chumba cha jirani, kwa sababu gesi hii hupita chini ya milango. Wapo wanaoamini kwamba beseni la maji likiwekwa kando ya jiko linanyonya sumu. Halinyonyi, kaboni monoksaidi huyeyuka kwenye maji kwa kiasi kidogo mno, na beseni hilo linachotoa ni imani ya uongo tu.

Baada ya jiko kutoka, inabaki saa za usiku, na hapa ndipo nashikilia kwamba tunapasha kitu kisichohitaji kupashwa. Mtu aliyelala hahitaji chumba chenye joto. Anahitaji mwili wenye joto. Hesabu ya umeme inaonyesha tofauti. Hita ya umeme ya wati 1,000 ikiwashwa saa 4 inakula uniti 4 kwa usiku mmoja, na kwa siku 30 ni uniti 120. Nyumba iliyo kwenye tarifa ya TANESCO ya wateja wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, itatoka kwenye unafuu huo kwa sababu ya hita peke yake. Lakini kuchemsha lita moja na nusu ya maji kwa birika la umeme hakufikishi hata robo ya uniti. Maji hayo yakiachwa yapoe kidogo, yakatiwa kwenye mpira wa maji ya moto wenye kifuniko kinachobana, ukafungwa kwa taulo na kuwekwa miguuni chini ya blanketi, yatatoa joto kwa saa kadhaa pale hasa linapotakiwa. Asiye na umeme atayachemsha kwenye jiko lilelile la jioni, kabla halijatolewa nje. Ongeza soksi, kofia ya sufi, blanketi la pili, na mkeka au maboksi chini ya godoro lililo sakafuni ili baridi ya saruji isipande. Moto ukiwa umetoka, sasa ziba nyufa unavyotaka. Atakayesema blanketi ni ghali, asubiri ahesabu fedha za mkaa unaochomwa kwa ajili ya joto msimu mmoja. Mkaa unakuwa majivu, na blanketi linabaki kwa miaka.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu mzazi na kichanga. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu, mama akijifungua, jiko huingizwa chumbani kwa mapenzi kabisa: mtoto asipate baridi. Hofu hiyo ni ya kweli, kwani mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na baridi inaweza kumuua. Lakini kichanga anavuta pumzi haraka kuliko mtu mzima, hivyo sumu inamwingia haraka zaidi. Na kwa mama mjamzito, damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia kaboni monoksaidi kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko damu ya mama. Anayewekewa jiko kwa kupendwa ndiye anayeumia kwanza. Bahati nzuri, chanzo bora cha joto kwa mtoto kipo chumbani bila kuwashwa. Ni kifua cha mama. Huduma ya mama kangaruu, ambayo mtoto huvuliwa nguo akabaki na nepi, kofia na soksi, akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufungwa kwa khanga na blanketi juu, inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani hata kwa watoto njiti, na hospitali zetu zinaifundisha. Baba na bibi nao wanaweza kuifanya mama akipumzika. Bibi aliyekuwa akisimamia jiko apewe jukumu hili jipya. Hajanyang'anywa heshima yake ya kumlinda mjukuu, ameongezewa uwezo.

Ajali ikitokea, kuitambua mapema kunaokoa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na usingizi usio wa kawaida, na kwa sababu hiyo watu huidhania malaria, homa ya matumbo, chakula kibaya au hata uchawi. Kinachoitenga ni mambo matatu: watu kadhaa wanaugua pamoja katika nyumba yenye moto, mara nyingi hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Hatua ya kwanza ni hewa: fungua mlango na madirisha, watoe watu nje, na mwokoaji asikae ndani kwa sababu naye ataanguka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Hata aliyezinduka aende hospitali. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo hadi nusu. Kwa oksijeni ya hospitalini muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Na mweleze mhudumu waziwazi kwamba palikuwa na jiko ndani, kwa kuwa kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini.

Lakini tahadhari za nyumba moja moja hazitamaliza tatizo. Korea Kusini ilizika watu wengi kila majira ya baridi, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, kwa sababu ya makaa ya mawe yaliyochomwa chini ya sakafu ili kupasha vyumba. Vifo vilipungua hasa pale nyumba zilipohamia boila za gesi na mafuta. Yaani chanzo cha joto chenyewe kilibadilika. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, ila ni la kupikia. Kwa Rungwe, Njombe au Makete, jiko la mkaa ni chombo cha kupikia na pia cha kuotea moto, na familia itakayopewa mtungi wa gesi itapika kwa gesi na bado itanunua mkaa wa chumbani. Mkakati huo uongeze joto la nyumba kwenye hesabu zake: dari, milango inayofunga vizuri, mabweni yenye mablanketi ya kutosha, na mafunzo kwa mafundi kuacha matundu ya hewa juu na chini katika kila chumba ambamo moto utawashwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa kipupwe, onyo la kutolala na moto liambatane nao, nao wakunga, wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji walifikishe mwezi wa Mei, kabla baridi haijakaza. Gharama ya tangazo hilo ni ndogo, na watakaolisikia wana uwezo wa kulitekeleza usiku huohuo, hata wasipokuwa na shilingi ya kununua chombo kipya.